Mjane na Fundi wa Maturubai

Sina subira na watu wanaosimulia habari za meli kwa kutaja matajiri walioinunua. Tajiri hununua, tajiri huuza, na katikati hapo yuko nyumbani kwake anakunywa chai. Meli hutunzwa na watu wengine. Hii ninayoisema mimi ilitunzwa, kwa sehemu yake kubwa, na shangazi yangu, ambaye kwa miaka mingi hakuwahi kutia mguu ndani yake.

Ilikuwa meli ya mizigo kama nyingine za wakati wake, iliyoundwa mara tu baada ya vita vikuu. Enzi hizo mlango wa ngama, yaani lile tundu kubwa la sitahani ambamo mizigo hushushwa tumboni mwa meli, ulifunikwa kwa mbao. Juu ya mbao likatandikwa turubai, na turubai likabanwa kandokando kwa vyuma na kabari za mti. Siku hizi mtu anabonyeza kitufe, chuma kinajifunga chenyewe. Enzi zile kati ya bahari na mzigo palikuwa na kitambaa, na kitambaa hicho kilishonwa kwa mkono na mtu aliyekuwa na jina na hasira zake.

Hasira za shangazi zilijulikana bandari nzima. Alikuwa fundi mkuu wa karakana ya maturubai nyuma ya maghala, chumba kirefu chenye madirisha juu karibu na paa, na sakafu ya mbao iliyong'arishwa kwa kuburutiwa nguo nzito mpaka ukiingia na soksi unateleza. Palinukia nta na mafuta ya kitani. Wanawake waliketi kwenye mabenchi kufuata urefu wa kitambaa, kila mmoja na kigozi cha kiganjani cha kusukumia sindano, na shangazi akipita katikati yao akikagua mishono kwa ukucha. Watu walimwita Mama Turubai. Hakuwa mtu wa kujishusha. Ukiisifu kazi yake alikubali, tena akakukumbusha sifa ulizosahau.

Meli nayo ilikuwa na lakabu. Iliitwa Mjane, kwa sababu kila ilipofiwa na tajiri mmoja ilipata mwingine. Ilikuja na jina la kigeni lisilotamkika, la kampuni iliyopenda rangi ya kijivu na kila kitu mahali pake. Kampuni ikaiuza kwa mashemeji wawili, wakaipaka kijani na kuiita Mapatano. Mashemeji hao walikuwa hawasemeshani hata msibani. Baada yao ikawa Tegemeo, na hapo ndipo penye habari yangu. Baada ya Tegemeo ikawa Bahati Njema, ikazungushwa miaka kadhaa na watu waliokuwa wakingoja bei ya chuma chakavu ipande. Ilipopanda, fundi wa rangi hakuona haja ya kujisumbua. Alifuta BA na NJEMA tu, meli ikaenda kukatwakatwa ikiitwa Hati. Majina ya zamani hayakuondoka sawasawa, maana herufi zilichomelewa kwa chuma kisha zikasagwa haraka haraka na kupakwa rangi juu. Jua la asubuhi likipiga ubavuni, uliweza kusoma majina mawili kwa pamoja.

Shangazi mwenyewe alikuwa mjane tangu ujana wake, na utani haukumwacha. Wapakiaji walimpigia kelele kutoka gatini, "Mama Turubai, mwenzio kaolewa tena! Wewe lini?"

"Yeye akiolewa anapakwa rangi mpya," aliwajibu. "Mimi nikiolewa napewa nguo za kufua."

Kilichomfunga na meli ile hasa ni baba yangu. Baba alikuwa mdogo wake wa mwisho. Mama yao alifariki baba akiwa bado wa kubebwa, na shangazi ndiye aliyembeba, mgongoni, huku akishona midomo ya magunia ya nafaka kabla hajapanda ngazi ya maturubai. Baba alianza kwenye Mjane akisugua sitaha, wakati wa kampuni ya kijivu. Matajiri walibadilika, yeye akauzwa pamoja na meli kama nanga, na kila alipouzwa alipanda cheo kidogo. Tegemeo ilipopata jina hilo baba alikuwa serahangi, mkuu wa mabaharia wote wa sitahani, mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuitwa kwa cheo. Shangazi alikitunza cheo hicho kuliko baba mwenyewe. Jirani akisema "ndugu yako yule baharia," alisahihishwa papo hapo, mlangoni, na kikapu chake cha sokoni bado kichwani.

Sasa, turubai la meli si shuka la kitanda. Hushonwa kwa mapande yanayolaliana kama mabati ya paa, na kila pande huacha pindo lake likitazama nyuma, upande wa tezi, ili wimbi likipanda kutoka mbele liteleze juu ya mishono na kwenda zake. Ukilitandika kinyume, wimbi hilo hilo linaingia chini ya pindo na kuyasukuma maji kwenye tundu la kila sindano. Kwa hiyo turubai lazima liwe na alama ya mbele. Kampuni ya kijivu ilikuwa na alama zake za kwao. Walipoondoka, shangazi akashona herufi O, akimaanisha omo, kama mabaharia wanavyoiita sehemu ya mbele ya meli. Baharia mmoja wa mashemeji akaidhani ni duara la kuonyesha pa kutoboa. Akatoboa, kwa kisu, vizuri kabisa, akapitisha kamba. Shangazi alipoona tundu lile aliongea mpaka jioni. Tangu siku hiyo akaachana na lugha ya mabaharia, akashona M. M ya mbele. Mtoto wa darasa la kwanza angeielewa, alisema.

Tajiri wa tatu, yule wa Tegemeo, tulimwita Bwana Punguza. Alikuwa na mkono wa birika. Alipunguza rangi, akapunguza mabaharia, akapunguza maturubai ya kila mlango kutoka matatu hadi mawili. Sitamtukana zaidi ya hapo, maana alikuja gatini mwenyewe na alisikiliza anapoambiwa, na hayo si madogo kwa tajiri. Alileta pia seremala kutoka meli yake nyingine, mtu mrefu, mkimya, mwenye mkono mzuri kweli kweli. Kazi ya seremala wa meli ni pamoja na kugonga kabari za milango ya ngama.

Safari ya kwanza ya seremala huyo pamoja na baba ilikuwa ya saruji. Siku ya kufunga milango baba alikuwa kitandani na homa, meno yakigongana. Aliuliza, "Milango imefungwa?" Akajibiwa imefungwa, na ilikuwa imefungwa kweli. Meli ikatoka, ikakutana na bahari mbaya, na walipofika na kufunua mlango wa mbele wakakuta mifuko ya juu imekuwa mawe. Wapakiaji waliitoa kwa mitaimbo.

Baba aliporudi nyumbani aliketi kitini bila kuvua viatu. Mimi nilikuwa mdogo lakini nilijua kwamba mtu akiketi hivyo maji yamezidi unga.

"Turubai ni jipya," alimwambia mama. "Kwa hiyo Tajiri anasema si turubai, ni mimi. Serahangi aliyelowesha mzigo hapati meli nyingine. Hata ya kusugua hapati."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemwita, lakini habari mbaya ilikuwa haiwezi kupita bandarini bila kupigia hodi karakana.

"Kesho nakuja gatini," alisema.

"Dada, nakuomba. Usije. Watasema nimekwenda kumwita mama."

"Wanaosema mama hawajakosea sana," akasema shangazi, na asubuhi alikuwa gatini.

Yaliyotokea huko nimesimuliwa na watu wengi, kila mmoja akitia chumvi mahali pake, lakini mfupa wa habari ni mmoja. Shangazi alipanda sitahani, akamkuta Bwana Punguza amesimama karibu na mlango wa mbele wa ngama pamoja na nahodha. Hakusalimu kwa kirefu. Alimgeukia seremala.

"Wewe ndiye uliyefunika?"

"Ndiyo, mama."

"Hebu litandike tena turubai kama ulivyolitandika siku ile. Usiongeze wala usipunguze."

Seremala na mabaharia wawili wakalikunjua turubai, wakalivuta, wakalinyoosha. Lilitanda safi, bila mkunjo. Shangazi akalitazama, damu ikampanda.

"Nyuma mbele! Umelitandika nyuma mbele! Mtu mzima, mkono mzuri hivi, huoni alama?"

"Naiona, mama. Hii hapa. M."

"Na M iko wapi?"

"Iko nyuma. Mahali pake."

"Mahali pake ni mbele! M ni mbele!"

Seremala akamtazama kwa adabu zote. "Mama, M ni mwisho. Kwenye meli niliyotoka, huku mbele tunaweka A, ya awali. Huku nyuma tunaweka M, ya mwisho. Ndivyo nilivyofundishwa."

Shangazi alitembea akazunguka turubai lote, akalitazama kutoka upande wa pili, kana kwamba herufi ingejitetea ikitazamwa na huko. Kisha akawageukia watu waliokusanyika, akawauliza mmoja mmoja ile M inasemaje. Mwendesha winchi alisema ni mlingoti, maana iko karibu na mlingoti. Karani wa mizigo akasema mizigo. Mpishi wa meli, aliyekuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi, akasema yeye siku zote alidhani ni Mjane. Hata Bwana Punguza alipotazamwa alikohoa kidogo.

"Mimi nilidhani ni herufi ya jina langu," alisema. "Nikafurahi."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha wakalimwagia turubai maji kwa mpira wa zimamoto, wakakuta shangazi kasema kweli: likiwa vile alivyoliweka seremala maji yalipenya, likigeuzwa yaliteleza. Lakini saruji ilikuwa imeshakuwa mawe, na kicheko kilipokwisha Bwana Punguza akauliza swali lake lile lile. Nani?

"Mimi," baba alisema. "Serahangi ni mimi. Homa au si homa, ilinipasa nitoke nikaangalie."

"Nyamaza," alisema shangazi. "Ulikuwa huwezi hata kusimama. Tajiri, kikulacho ki nguoni mwako. Herufi ni yangu. Niliishona mimi na nikaringa nayo."

"Dada, usinivunjie heshima mbele ya watu wangu."

"Heshima gani, nami najaribu kukuokoa unga wako usimwagike?"

"Kumradhi," seremala akasema, "kabari nilizigonga mimi."

Bwana Punguza alikuwa amekuja kutafuta mkosaji mmoja, sasa anao watatu, na wote wanagombania nafasi. Alivua kofia akajifuta jasho. Alisema yeye haoni bado kwamba kosa ni la herufi tu. Huenda na nguo yenyewe ni dhaifu, au serahangi hajui kusimamia ufungaji, maana maji ya mpira wa zimamoto si wimbi. Shehena ijayo ni saruji tena, na msimu ni ule ule mbaya. Ikifika kavu, yaishe. Ikilowa, serahangi atashuka na hatapanda tena chombo chake chochote, na matajiri wenzake watapata habari. "Maneno ya gatini ni rahisi," alisema. "Acha bahari iseme."

"Vizuri," shangazi akamjibu. "Na mimi nitakuwepo ikisema. Naenda nalo."

Hapo ndipo baba alipotaka gati lipasuke limmeze.

Wiki ile karakana haikulala usingizi mzuri. Shangazi alifumua M kwenye maturubai yote, na mahali pake akashona neno zima, MBELE, kwa uzi mwekundu, herufi kubwa kama sahani. Fundi mmoja akamtania kwamba uzi utakwisha. "Ukwishe," alisema. "Lugha hii imejaa M kama uji ulivyojaa mabonge." Alivuta kila mshono kwa mikono miwili. Usiku wa kuamkia safari alikuja kwetu kuaga, akaketi jikoni na mama yangu, na nilimsikia akisema jambo ambalo sikujua kwamba anaweza kulisema.

"Wifi, naogopa. Siogopi maji. Namwogopea yule mtoto. Nimempandisha mwenyewe ngazi yote ile, halafu nimsukume kwa herufi?"

Mama alimwambia ale kwanza. Akala.

Baharini aliugua tangu mlango wa bandari. Walimpa chumba cha mpishi, na kati ya kutapika na kutapika alimwelekeza mpishi namna ya kuosha sufuria. Baba alimpitia kila alipopata nafasi, akisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kukagua bomba. Siku ya pili upepo ukageuka na mawimbi yakaanza kupanda juu ya omo. Shangazi akasema anataka kuona. Baba akakataa. Akasema tena anataka kuona. Basi baba alimshika mkono akampandisha ngazi ya ndani hadi kwenye dirisha dogo linalotazama sitaha ya mbele, akamwambia, "Shika chuma hiki, Dada, na usikiachie hata ukinikasirikia."

Alikishika. Mbele yao meli ilijiinamisha, bahari ikapanda nzima nzima, nyeupe, ikafunika winchi, ikafunika mlango wa ngama, ikafunika kila kitu mpaka mlingoti ukawa umesimama majini. Shangazi alisema baadaye kwamba hapo alijiona mjinga mkubwa kupita wote walioumbwa, mtu aliyeizuia bahari kwa sindano. Kisha meli ikainua kichwa. Maji yakakimbia kuelekea nyuma, yakatawanyika, na lile neno jekundu likatokeza chini yake, herufi moja baada ya nyingine, safi kama lilivyotoka karakana. Bahari ikapanda tena, na neno likatokeza tena. Wakasimama hapo muda mrefu wakilisoma.

"Ikilowa," baba alisema, "nitarudi nikae karakana nishone na wewe."

"Wewe? Mshono wako hata gunia linaukataa."

"Basi nitabeba magunia."

"Hutabeba gunia. Sikukulea ubebe gunia." Akageuka akatapika kwenye ndoo, na baba akamshikia ndoo.

Bandari waliyofika ilikuwa tulivu, anga limeinama. Bwana Punguza alikuwa ametangulia kwa gari, amesimama gatini na kofia yake mkononi. Seremala alizigongoa kabari mwenyewe, hakumwachia mtu. Turubai la juu likaondolewa, na la chini, kisha mbao moja moja. Shangazi alikuwa amekaa kwenye boriti ya winchi, amepauka, mtandio umemkaa upande, akitazama mikono ya seremala na si uso wake.

Seremala akashuka ngama. Walimsikia akitembea juu ya mifuko. Wakasikia karatasi ikichanwa, halafu kitu kama mtu anayepuliza uji wa moto. Kutoka tundu lile likapanda wingu la vumbi la kijivu, likaenea sitahani, likamwingia nahodha puani, likamkalia Bwana Punguza begani alipokuwa anapanda ngazi.

"Vumbi!" seremala alipiga kelele kutoka chini. "Serahangi, ni vumbi tupu!"

Mabaharia walipiga makofi na kukohoa kwa pamoja. Bwana Punguza alipitisha kidole begani, akakitazama, akamwendea baba na kumpa mkono mbele ya wote. Baba aliupokea, akasema asante, Tajiri, akawaamuru watu washike winchi. Aliamuru vizuri, kwa sauti yake ya kazi. Halafu akageukia baharini, akakaa hivyo, mabega yakimtikisika.

Shangazi akaenda akasimama karibu naye.

"Saruji," baba alisema bila kumtazama. "Imeniingia machoni."

Shangazi alitaka kumjibu. Mdomo ulikuwa tayari, kila mtu aliyemjua aliona maneno yanakuja. Kisha akavuta ncha ya mtandio wake, akajifuta uso.

"Na mimi," alisema, "imeniingia."